Ushahidi mpya si ule uliobaki nyumbani

SWALI: Kaka yangu alifungwa kwa wizi wa mabavu, na Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa yake. Mama anajua alilala nyumbani usiku ule, ila hakuwahi kutoa ushahidi. Kuna mtu hapa nje ya korti anataka shilingi 40,000 atuandikie ombi la kesi mpya. Tumlipe?

JIBU: Msimlipe, dada. Njia anayoitaja ipo kweli: Kifungu cha 50(6) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu mfungwa aliyefika mwisho wa rufaa kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya. Lakini lazima awe na ushahidi mpya, tena mzito, na hapo ndipo familia nyingi hupotoshwa. Ushahidi hauwi mpya kwa sababu tu hakimu hakuusikia! Katika kesi ya Kibisu, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilisema ni ule ambao haukuwepo wakati wa kesi na usingepatikana hata kwa bidii. Kisha uwe wa kuaminika, wa kuweza kuibadilisha hukumu. Mama yenu alikuwepo. Kaka yako alijua alikolala tangu siku aliyokamatwa. Jaji atauliza kwa nini mama hakuitwa, na "tuliogopa" haitatosha. Ingekuwa mtu mwingine amenaswa baadaye na mali ile ile iliyoibwa, hapo tungekuwa na la kuzungumza.

Maombi ya hawa wa nje ya korti nayapokea kila mara, yakishatupwa. La juzi lilikuwa na jina la mfungwa mwingine kwenye ukurasa wa tatu. Aya mbili nzima zilinakili uamuzi wa Muruatetu wa 2017, unaohusu adhabu ya lazima ya kifo, wala haugusi ushahidi. Tena Julai 2021 Mahakama ya Juu yenyewe ilifafanua kuwa uamuzi ule ni wa kesi za mauaji tu. Bado wanawauzia wafungwa wa wizi wa mabavu uamuzi huo, na jamaa zao wanauza ng'ombe kulipia karatasi hizo. Inaniuma sana.

Yeyote anayetaka pesa kabla ya kuomba nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hajui anachokwenda kuandika. Mwulizeni jina lake kamili, mlitafute kwenye orodha ya mawakili ya LSK (Chama cha Mawakili Kenya) mtandaoni. Akianza kuzungushazungusha maneno, ondokeni.