Mchapuko unaorukaruka: tatizo ni kanuni au saa?

SWALI: Mhandisi, nimefunga kihisi cha sumaku kwenye gurudumu lenye meno 20 na mzingo wa mita 2. Kila jino likipita napata mpigo, na muda kati ya mpigo na mpigo naupima kwa milisekunde. Kasi inatoka vizuri, ila mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, unarukaruka: mara sifuri, mara 13, mara hasi, na gurudumu linaongeza mwendo taratibu tu. Nachukua tofauti ya kasi mbili, nagawa kwa muda wa mwisho. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa kubwa liko kwenye saa. Kanuni nayo ina kasoro, tuimalize kwanza.

Jino hadi jino ni mita 0.1. Tuite muda wa kwanza T1, unaofuata T2. Ukigawa 0.1 kwa T1 unapata kasi ya wastani, ambayo mchapuko ukiwa hauyumbi ni kasi halisi ya katikati ya muda huo, si ya mwisho wake. Kutoka katikati ya T1 hadi katikati ya T2 ni nusu ya jumla yao. Gawa kwa hiyo. T1 ikiwa milisekunde 40 na T2 20, kasi imepanda kutoka 2.5 hadi 5 m/s: njia yako inatoa 125 m/s², iliyo sahihi 83.3. Gurudumu likishakolea mwendo, tofauti hiyo huwa ndogo mno.

Sasa saa. Kwa 5 m/s mpigo huja kila milisekunde 20. Tuseme unaofuata umekuja baada ya 19.8: mchapuko ni kama 2.5 m/s². Saa yako haiijui 19.8. Itasema 20, upate sifuri, au 19, upate 13.5, kuliko hata kitu kinachoanguka! Ndiyo hiyo 13 unayoiona. Tumia taima (saa ya ndani ya chipu) inayohesabu mikrosekunde; elfu moja kati ya hizo ni milisekunde moja. Kosa la mikrosekunde 1 hapo ni kama 0.013 m/s² tu. Taima ikiweza kunasa wakati wa mpigo yenyewe bila kusubiri programu, bora zaidi.

Ukishabadilisha saa, utakutana na jambo ambalo wengi hawalitazami: meno hayakai sawasawa. Pengo moja likizidi kwa asilimia 1 tu, kwa mwendo ule ule linazua mchapuko wa uongo wa 2.5 m/s², sawa na ule wa kweli unaoutafuta. Saa nzuri haiponyi hilo. Linganisha jino na lenyewe: hifadhi nyakati za mipigo 41 ya karibuni, T1 na T2 kila moja iwe muda wa mzunguko mmoja mzima, na umbali uwe mita 2. Kanuni ni ile ile, na jibu jipya unalipata kwa kila mpigo. Gharama yake ni kuchelewa mzunguko mmoja, yaani sekunde 0.4 kwa mwendo huo. Ukiona ni nyingi, zungusha gurudumu kwa mwendo usiobadilika, pima kila pengo ni sehemu gani ya mzunguko, kisha tumia umbali halisi wa kila pengo badala ya 0.1.

Na gurudumu likisimama, usingoje mpigo ambao hautakuja. Muda tangu mpigo wa mwisho ukishaupita muda uliokuwa kati ya mipigo miwili ya mwisho, kasi haiwezi kuzidi 0.1 kugawa kwa muda huo, basi ishushe hapo hapo.