Harufu ya gesi asubuhi: usikague jiko, kagua viungo

Dada mmoja wa Makorora ameniandikia wiki hii. Kanunua jiko la mezani la pleti mbili na mtungi wa kilo 15, moto unawaka vizuri, ila kila asubuhi akifungua mlango wa jikoni anakutana na harufu. Fundi kamwambia ni kawaida ya mtungi mpya. Dada yangu, si kawaida. Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo hutiwa makusudi ili pua ikushtue. Ukiunusa na jiko limezimwa, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kwenye viungo, yaani pale mpira wa gesi unapoungana na jiko na mtungi.

Sisi wa Tanga tuna adui wa ziada, chumvi. Klipu ya chuma ya bei ya chini, ile pete inayobana ncha ya mpira, haichelewi kushika kutu kwa upepo huu wa bahari. Nunua mbili za stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, zile za kukazwa kwa bisibisi. Waya wa kufungia si klipu, na sijui kwa nini bado tunabishana juu ya hili.

Mpira nao uwe wa gesi, wenye maandishi na mwaka ubavuni, usiozidi mita moja na nusu. Mpira wa maji unaoonyesha ndani unafanana nao kwa macho tu. Gesi huufyonza ulaini wake, ukakakamaa, ukapasuka pale unapokunjwa. Regyuleta, kile kichwa cha juu ya mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi, ya jiko la nyumbani huandikwa milibari (kipimo cha msukumo) 28 au 30. Ile ya kuzungushwa kuongeza moto, ya majiko makubwa ya mama lishe, waachie wenyewe. Na vali za mitungi hazifanani, kwa hiyo linganisha na mtungi wako kabla hujalipa.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Zima swichi zote za jiko. Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto ilainike, isukume kwenye pua ya jiko, kile kibomba cha kuingizia gesi, hadi iingie kama sentimita tatu, kisha kaza klipu. Ukikaza kupita kiasi, klipu inaukata mpira. Fanya vivyo hivyo upande wa regyuleta. Kabla ya kuipachika kwenye mtungi, tazama kile kipete cha mpira, mafundi wanakiita wosha. Kikiwa kimepasuka au hakipo, hapo ndipo harufu inapoanzia, na tredi tepu, ule utepe wa mafundi bomba, haitakusaidia, kwa sababu kinachoziba pale ni wosha, si nyuzi za kukazia. Mtungi usimame wima. Ukilazwa, gesi ya majimaji inaingia kwenye regyuleta.

Sasa kipimo, ambacho mafundi wengi wanakiruka. Koroga sabuni ya unga na maji hadi ipate povu zito. Fungua mtungi, jiko likiwa bado limezimwa, upake povu kwenye shingo ya vali, regyuleta, ncha zote mbili za mpira na urefu wake wote. Subiri dakika nzima. Mapovu yakivimba, hapo pamevuja. Kiberiti hapana, hata kwa utani! Ukimaliza suuza na ufute, sabuni isiachwe juu ya chuma.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Mtungi uliofichwa kabatini unahitaji matundu chini. Ukinusa usiku, funga vali, fungua milango, toka nje. Taa usiwashe wala usizime, feni usiiguse, maana cheche ya swichi inatosha.

Kwa dada wa Makorora: anza na wosha, kisha klipu ya upande wa jiko. Povu likichemka kwenye shingo ya vali yenyewe, usiisogelee na spana. Funga, toa mtungi nje kwenye kivuli penye upepo, mbali na moto na mtaro, umwite wakala aje auchukue.