Vidonge vya kromiamu vinapunguza kitambi?

Dada, umeuliza kama ukimeza kromiamu (aina ya madini) huku ukienda jimu mara tatu kwa wiki kitambi kitaisha haraka. Kwa kifupi: kazi itafanywa na jimu. Kromiamu imepimwa sana, na tofauti ya uzito iliyoonekana ni kama kilo moja au chini ya hapo, tena baada ya wiki nyingi. Huko Marekani, FTC (tume ya serikali inayolinda walaji) iliwabana wauzaji tangu miaka ya 1990 kwa kudai inayeyusha mafuta bila ushahidi.

Madini husaidia pale yanapopungua mwilini. Ningekuwa wewe ningeanza na chuma, hasa kama hedhi yako ni nzito. Ukiwa na upungufu wa damu utahema kwenye seti ya pili, kisha utajiona mvivu bure. Pima damu na feritini (akiba ya chuma mwilini) kwanza. Usimeze chuma kwa kubahatisha, kikizidi kinadhuru ini. Na chai ya rangi usiinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kufyonzwa (najua, inauma).

Magnesiamu ipo kwenye mbegu za maboga, maharage na mchicha. Ya vidonge ikizidi miligramu 350 kwa siku, inaweza kukuharisha. Zinki nyingi kwa muda mrefu nayo hupunguza shaba mwilini.

Hela ya kopo la kromiamu nunua mayai na dagaa, nyanyua vyuma vizito kidogo zaidi kila wiki, na upime kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Mizani itakudanganya, maana misuli nayo ina uzito.