Ng'ombe Akitupa Mimba, Usimshike kwa Mikono Mitupu

Juzi kijana mmoja anayefuga Muheza ameniandikia: "Shikamoo mama. Ng'ombe wangu ametupa mimba ya miezi saba. Kile kitoto niwape mbwa? Na maziwa niendelee kuuza?" Nilimpigia simu usiku uleule, maana hapo ndipo mateso ya nyumba yangu yalipoanzia.

Sisi tunafuga Pongwe, hapa Tanga. Mtamba wetu alipotupa mimba, mume wangu alilitoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu, kama alivyomwona baba yake akifanya. Wiki chache baadaye homa ikaanza: jioni inapanda, usiku analowa jasho, asubuhi kapoa. Mgongo na nyonga vikamuuma hadi kuinuka ni kwa kushikwa mkono. Zahanati tuliyokwenda ikampa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya malaria tena, ilhali kipimo hakikuonyesha kitu. Mwili ukaisha. Majirani wakanong'ona ukimwi, na wengine, niliowauzia maziwa miaka na miaka, wakasema nimemroga. Hilo linaniuma hadi leo.

Kilichomwokoa ni daktari mwingine aliyeuliza, "Mnafuga?" Damu ikapimwa, ikaonekana brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo kuja kwa watu. Mume wangu akameza doksisaiklini na rifampisini, dawa za kuua bakteria, wiki 6, na sasa anakata majani ya ng'ombe mwenyewe.

Wafugaji wenzangu, daktari halioni banda lako. Mwambieni! Bakteria wa brusela wamejaa kwenye kondo, maji ya uzazi na kitoto kilichotupwa. Wanaingia kwenye mchubuko, machoni, kwa hewa na kwa maziwa mabichi. Vaa glavu. Fukia vyote shimo refu, umwagie chokaa, mbwa wasifukue, maana nao huambukizwa na kuusambaza ugonjwa. Mama mjamzito asisogee karibu. Ng'ombe mtenge, afisa mifugo amtoe damu. Akikutwa nao, huyo si wa kutibu wala wa kumuuzia jirani. Najua inauma, ng'ombe wa maziwa ndiye ada ya watoto.

Maziwa yachemke. Msiniambie habari za mtindi, kuganda hakuui bakteria kwa uhakika. Mimi nachemsha yote, na mteja anayetaka mabichi aende kwingine.

Ndama jike wachanjwe chanjo ya brusela wakiwa na miezi 3 hadi 8. Ukingoja ashike mimba, chanjo yenyewe inaweza kuitoa. Na achanje mtaalamu, kwa kuwa ina bakteria hai waliodhoofishwa. Sindano ikikuchoma wewe, unaweza kuugua.