Kibubu, kivuli na kufuli tatu: kwa wanaoanza kusanifu programu za simu

Vijana wanaokuja kwangu hapa Bagamoyo kujifunza kusanifu programu za simu huja na swali moja, na mara nyingi huliuliza kabla hawajafungua kompyuta: je, tufuate usanifu bapa, wenye rangi tupu na mistari myembamba, au ule wa kuiga vitu halisi, wenye vivuli, ngozi na mbao? Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, na sasa naona ni haki kwa wanaoanza niliandike. Swali hilo linatanguliza sura, ilhali jambo la kwanza kulijua ni kile ambacho mkono utakaoishika simu umekwisha kukizoea.

Kuiga vitu halisi hakukuanza na simu. Anayepita Mji Mkongwe wa Bagamoyo ataona milango ambayo miimo yake imechongwa mnyororo, pete baada ya pete, na mnyororo huo haufungi kitu chochote; umebaki kuwa umbo. Kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita madukani limechapwa picha ya mbao pamoja na vifundo vya mti, ingawa hakuna mti uliokatwa. Mwaka 1889 Mwingereza Henry Colley March aliliundia jambo hili jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, la chombo na la umbo, na ndipo lilipotoka neno skeuomofu: umbo lililokuwa la lazima katika kifaa cha awali, likabaki kama pambo katika kifaa kipya. Ninawaomba mlishike neno hilo kwa maana yake hiyo, kwa sababu wengi hulitumia kana kwamba lina maana ya "mtindo wa zamani" tu.

Historia yake katika simu ni fupi. iPhone ilipotoka mwaka 2007, watu wengi walikuwa hawajawahi kutumia simu ambayo uso wake wote ni kioo cha kugusa, na wasanifu wa Apple waliamua kuwapokea kwa vitu walivyokwisha kuvifahamu. Kufikia iOS 6 ya mwaka 2012 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone), programu ya kuandikia kumbukumbu ilikuwa na karatasi ya njano yenye mistari, vitabu vilikaa juu ya rafu ya mbao, na sehemu ya michezo ilitandikwa kitambaa cha kijani kama cha meza za michezo ya karata. Microsoft walikwisha kwenda upande mwingine mwaka 2010 kwa Windows Phone 7, mfumo wao wa simu, yenye maandishi makubwa na miraba ya rangi moja, mtindo uliotokana na vibao vya kuelekeza abiria katika vituo vya usafiri. Mnamo Oktoba 2012 ilitangazwa kwamba Scott Forstall, aliyesimamia programu za iPhone, anaondoka, na usanifu wa kiolesura, yaani kile ambacho mtumiaji hukiona na kukigusa kwenye skrini, ukawekwa chini ya Jony Ive, aliyesimamia usanifu wa vifaa vya Apple. iOS 7 ilipotoka Septemba 2013, ngozi, mbao na kitambaa vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Google nao mwezi Juni 2014 walitangaza Material Design, mwongozo wao wa usanifu, ambao uliacha mapambo lakini ukabakiza kivuli, ili mtumiaji aone kipi kiko juu ya kipi, kama karatasi zilizopangwa mezani. Juni 2025 Apple wakatangaza Liquid Glass, yaani sura za kioo kinachopinda mwanga, na vitu vyenye kina vikarudi.

Katika safari hiyo yote, sehemu yenye faida kubwa zaidi kwa anayeanza ni ndogo na haizungumzwi sana. iOS 7 ilipoondoa mapambo, iliondoa pia mipaka ya vitufe. Maneno mengi ya kubonyeza yalibaki kuwa maandishi yenye rangi tu. Miezi sita haikuisha: Machi 2014, toleo la 7.1 likaja na chaguo katika mipangilio la kurudisha maumbo ya vitufe kwa anayeyahitaji. Mbao na ngozi zilikuwa pambo, na hakuna aliyepotea njia zilipoondoka. Mpaka wa kitufe, kinyume chake, ulikuwa unasema jambo: hapa panabonyezwa. Vitu hivi viwili vilitolewa kwa ufagio mmoja, na ni kosa ambalo mimi mwenyewe nililirudia miaka kadhaa baadaye, nikiwa na kila nafasi ya kulijua.

Nilikuwa ninasanifu programu ya kutunza hesabu za kikoba cha akina mama wanaonunua samaki ufukweni, kuwakaanga na kuwauza. Niliifanya bapa kabisa, na nilijivunia. Juu ya skrini niliweka mstatili wa buluu ulioandikwa "Michango ya Wiki", ambao ulikuwa kichwa cha ukurasa tu. Chini yake, kwa herufi nyembamba za buluu juu ya weupe, yalikuwepo maneno "Weka hisa", ambayo ndiyo yaliyokuwa kitufe. Ofisini, penye kivuli na feni, kila mtu niliyemwonyesha alielewa.

Siku niliyoipeleka soko la samaki ilikuwa karibu saa tano asubuhi, jua limesimama. Mweka hazina wa kikoba, mama mtu mzima ambaye nilimwamkia na akaniitikia kwa upole, alipangusa vidole kwenye kanga, akaishika simu, akaifunika kwa upindo wa kanga hiyo hiyo ili apate kuona. Akabonyeza mstatili wa buluu. Hakukutokea kitu. Akaubonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu akaushikilia. "Mwanangu, mbona halifunguki?" akaniuliza. Nilipomwonyesha yale maneno ya chini, alisogeza simu karibu na macho, akasema, "Haya nilidhani ni maelezo." Alikuwa sahihi. Mstatili ulikuwa na umbo la kitu kinachobonyezwa, na maneno yale yalikuwa na umbo la maelezo. Mimi ndiye niliyebadilisha nafasi zake.

Tangu siku hiyo sina swali kuhusu kivuli. Kitufe kikuu cha kila ukurasa hukipa mwili: rangi iliyojaa, pembe zilizoviringwa kidogo, kivuli chembamba upande wa chini, na kinapoguswa hubadilika papo hapo ili kidole kijue kimesikika. Kichwa cha ukurasa sikiweki tena ndani ya kisanduku. Hayo si kurudi kwenye ngozi na mbao. Ni kubakiza ile sehemu moja ya uigaji yenye kazi.

Kuhusu rangi, msitegemee macho yenu wala skrini zenu nzuri. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuhusu ufikivu (yaani kuwawezesha watu wote kutumia, hata wasioona vizuri) inataka maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza isiyopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma yake, na toleo la 2.1 la mwaka 2018 likaongeza kwamba mipaka na alama za vitufe zifikie angalau 3 kwa 1. Kijivu cha #999999 (hivyo ndivyo kompyuta huandika rangi) juu ya nyeupe, ambacho wapenzi wa usanifu bapa hukipenda mno, hutoa takribani 2.85 kwa 1 tu, kwa hiyo hakifai. #767676 hutoa 4.54, kimepita kwa unywele. Mimi hupendelea kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa sababu vipimo hivyo havikujua jua la pwani wala kioo chenye nyufa. Ukubwa nao una kiwango: Google hushauri eneo la kugusa lisiwe chini ya dp 48 kila upande, na Apple husema pointi 44; dp na pointi ni vipimo vya skrini visivyotegemea wingi wa nukta zake. Kwa mtu mwenye vidole vilivyolowa, hicho ndicho kima cha chini.

Kuna upande mmoja ambao usanifu bapa unashinda bila ubishi, nao ni uzito. Picha ya ngozi au mbao ni lazima itengenezwe kwa nakala kadhaa, kwa sababu skrini nyingi za Android huwa na msongamano wa kati ya nukta 160 na 640 kwa inchi, na kila nakala huongeza ukubwa wa programu. Umbo bapa huchorwa kwa vekta, yaani kwa maelezo ya mistari badala ya nukta, faili moja dogo linalotosha skrini zote, na Android imekuwa ikilisoma moja kwa moja tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Kwa mtumiaji anayenunua bando la siku na mwenye simu iliyokaribia kujaa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama programu yako itabaki kwenye simu au itafutwa ili picha za harusi zipate nafasi.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote haya. Kila umbo la kuigwa linategemea kumbukumbu, na kumbukumbu zina kwao. Karatasi ya njano yenye mistari ni kitu cha ofisi za Marekani. Hapa kwetu hesabu za dukani huandikwa kwenye kauntabuku, na anayefungua kauntabuku hatarajii manjano. Alama ya kuhifadhi kazi ni disketi, ambayo vijana ninaowafundisha hawajawahi kuishika. Maktaba za aikoni, yaani picha ndogo za alama, mnazozipakua zimejaa kumbukumbu za watu wengine, na usanifu bapa hauwaponyi na hilo, kwa kuwa picha iliyofanywa bapa bado ni picha ya kitu fulani.

Katika programu ile ile ya kikoba, aikoni ya akiba niliichukua kwenye maktaba bila kufikiri: nguruwe mwenye tundu mgongoni. Katika mji ambao wengi wa wanachama wale ni Waislamu, niliweka nguruwe juu ya fedha zao. Hakuna aliyenifokea. Mmoja alitazama, akairudisha simu kwa mwenzake kimya, na ukimya ule ulinitosha. Niliomba radhi, nikaenda kuchora kibubu, kile kisanduku kidogo cha mbao chenye tundu juu ambacho wengi wetu tumekitikisa utotoni kusikiliza sarafu.

Nilirudi na kibubu changu nikiamini nimepatia. Mweka hazina alikitazama, akatabasamu, akanirekebisha: "Mwanangu, hela zetu hazikai kwenye kibubu cha mtu mmoja. Tuna sanduku." Akanieleza ninavyoandika hapa: sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo wanazo wanachama watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo mbele ya wenzao.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikitafuta ngozi ya kitu, wakati kilichostahili kuigwa ni namna kinavyofanya kazi. Programu yangu ilimruhusu mweka hazina peke yake kuidhinisha mkopo, jambo ambalo sanduku lisingeliruhusu kamwe. Tuliiandika upya sehemu hiyo. Sasa ombi la mkopo likiingia, skrini huonyesha kufuli tatu, zimechorwa bapa kabisa, kwa mistari mizito na rangi moja, bila kutu wala mng'ao wa chuma; kila mshika ufunguo anapoidhinisha kwenye simu yake, kufuli moja hufunguka, na kitufe cha "Toa mkopo", chenye kivuli chake chini, hakiamki mpaka ya tatu ifunguke. Siku ya kuijaribu sikueleza chochote. Kufuli la pili lilipofunguka, mweka hazina aliinua uso akauliza, "Wa tatu yuko wapi?"