Bwana Krishna alitowekea wapi? Kuhusu neno "antardhana"

SWALI: Namaste Panditji. Bibi akisimulia kisa cha Krishna na magopi, wale wanawake wachunga ng'ombe, husema Bwana "akawa antardhyan". Mimi nilidhani ni kutafakari kwa ndani. Kaka anasema ni kutoonekana. Nani amepatia? Na je, mtu akifanya yoga anaweza kutoweka?

JIBU: Namaste, binti yangu. Kaka yako amepatia. Bibi naye hana kosa kubwa, ni "y" moja tu iliyojipenyeza, na wasemaji wengi wa Kihindi huisema hivyo hivyo. Dhyana, kutafakari, ni la mzizi mwingine. Neno lenyewe ni antardhana: antar ni "ndani", dha ni "kuweka". Mzizi huo wa dha ndio uliozaa pia shraddha, yaani imani, na samadhi, yaani utulivu wa kina wa akili katika kutafakari.

Kisanskriti kina neno jingine, adrishya: a ni "si", drish ni "kuona". Hilo linakana kuonekana, basi. Antardhana linakwenda mbali zaidi, kwani kilichowekwa ndani bado kipo.

Kuhusu yoga, mwalimu wa kale Patanjali anaeleza katika sehemu ya 3 ya kitabu chake cha yoga, Yoga Sutra, kwamba yogi akizamisha fikra zake zote katika umbo la mwili wake, uwezo wa umbo hilo kuonekana husimama. Nuru na jicho havikutani tena. Mwili hauyeyuki. Lakini mbele kidogo, sehemu hiyo hiyo, anasema nguvu za namna hii ni vizuizi vya samadhi. Kwa hiyo anayenijia kutaka yoga ya kujificha, simfundishi.

Sasa turudi kwa bibi. Kisa chake kimo katika Bhagavata Purana, maandiko matakatifu ya Kihindu, kitabu cha 10, mwisho wa sura ya 29: magopi wamejiona bora kuliko wanawake wote duniani. Krishna akaliona hilo, na ili awatulize kiburi na kuwapa neema, tatraiva antaradhiyata. Antaradhiyata ni "akatoweka", kwa mzizi uleule wa antardhana. Tatraiva, binti yangu, ni "palepale". Hakuondoka kwenda popote! Nao wakahangaika msituni wakiuliza mti mmoja baada ya mwingine, hata mtulsi, mmea mtakatifu, wakauuliza: umemwona? Wakarudi ukingoni mwa mto Yamuna wakimwimbia na kulia kwa sauti. Sura ya 32 inapoanza, yumo katikati yao, anatabasamu, amevaa nguo ya manjano na shada la maua shingoni.