Kabla hujamkatia mama tiketi ya New York, soma saa vizuri

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi JFK, New York, ni kama kilomita 11,840 kwa mstari ulionyooka. Namba hiyo niliijua kwa kichwa nilipomkatia mama tiketi yake ya kwanza, na haikunifaa kitu. Kilichotuponza ni saa.

Tiketi ilisema Jumatano, 00:40. Nikampigia simu: "Mama, ni Jumatano, saa sita na dakika arobaini usiku." Jumatano jioni dada yangu akamfikisha uwanjani, sanduku limefungwa kamba vizuri, kumbe ndege iliondoka usiku uliotangulia. Mama akaniuliza kwenye simu, "Kwani leo si Jumatano, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, na kubadilisha tiketi kulinigharimu akiba ya miezi miwili.

Kwenye tiketi, siku mpya huanza saa sita usiku. Nyumbani kwetu, ukitaja Jumatano usiku, watu wanaelewa usiku unaofuata mchana wa Jumatano. Kwa hiyo ukiona saa inayoanza na 00, 01 au 02, sema "usiku wa kuamkia Jumatano", kisha taja siku na wakati wa kutoka nyumbani. Hilo la kutoka nyumbani ndilo wazazi wanalolishika.

Tena, saa ya kuondoka ni ya Nairobi na ya kufika ni ya New York. Ndege ikiondoka Januari saa tano usiku na kutua saa kumi na mbili asubuhi, utadhani ni masaa 7. Ongeza 8 ya tofauti ya saa, unapata 15. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, kwa hiyo tofauti inabaki 7, sisi hatubadilishi. Kurudi huwa kufupi kidogo, maana pepo za juu kule huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege.

Kenya Airways walianza kuruka moja kwa moja Oktoba 2018. Ukipitia Dubai, kilomita zinafika kama 14,500: masaa 5 hivi hadi Dubai, kisha kama 14 hadi New York, na katikati kuna kusubiri, ambako kunaweza kuwa masaa 2 au 10. Bei huwa inavutia. Kwangu mimi, mzazi aliyepita miaka sabini na asiyesoma Kiingereza ni heri aende moja kwa moja, hata kama itabidi mchange ndugu wote.

Ukikata tiketi, mwombee kiti cha magurudumu hata kama anatembea. Atakayemsukuma atamvusha foleni zote na kumwonyesha njia. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na daktari aulizwe mapema atazimeza saa ngapi, kwa sababu mle ndani ya ndege asubuhi haieleweki. Ainuke, atembee, anywe maji, miguu huvimba.

Mwaka uliofuata nilimtumia dada ujumbe wa mstari mmoja: "Mtoke nyumbani Jumanne, mkishaswali magharibi." Wakafika mapema mno, na mama akapata muda wa kunywa chai.